Funguo za Mzee Zurabi

Mama Tsiala aliileta kwenye gunia la unga,
kompyuta ya marehemu mumewe, feni ikikohoa,
akapanda nayo ngazi zangu zote hapa Kutaisi,
theluji ikimyeyukia mabegani.
"Inasinzia," akasema. "Naiwasha asubuhi,
inaamka nimeshaosha vyombo.
Na kila siku inanipigia kelele nyekundu."

Kweli. Kisafishaji alichopakua mjukuu
kilisimama katikati ya kioo kama dalali:
MAKOSA 1,306. BONYEZA HAPA. USICHELEWE.
Nawajua hawa. Wanakuhesabia vumbi
chembe kwa chembe, wakuuzie ufagio.

Nikakiondoa. Nikaifungua sajili kwa mkono,
ila kwanza nakala, pembeni, kwenye diski ya akiba:
kazi hii haina samahani.
Ukikata uzi usioujua
mashine haiamki hata kukulaumu.

Sajili ni daftari lisilosomwa na mtu.
Kila programu ikihamia huandika humo jina lake,
chumba chake, ufunguo wake;
ikihama, aghalabu haiagi.
Kwa hiyo nikakuta funguo, mkufu mrefu wa funguo,
milango hakuna:
printa ya shule alikofundisha kemia
(shule yenyewe siku hizi ni ghala la matairi);
kamera iliyozama mto Rioni siku ya harusi ya shemeji;
kipimio cha sauti za kodiani;
kamusi ya Kijerumani, somo la nne.
Hakufika la tano.

"Unafuta nini?"
"Anwani, mama. Za vitu ambavyo havipo."
Akavuta kiti. "Basi soma kwa sauti."

Kazi ya dakika ishirini ikala alasiri nzima.
Nasoma, anatikisa kichwa, nafuta.
Kwenye kodiani alinyamaza kidogo, kisha:
"Futa. Alikuwa akiipiga vibaya."

Ndipo, ncha kabisa ya tawi, mchezo wa nardi.
Programu iliondoka miaka saba iliyopita
lakini hesabu ilibaki imekaa gizani, peke yake:
Zura, 212.
Tsiala, 340.

Feni ikakohoa mara mbili.
"Mwongo yule!" akasema. "Mimi maandishi madogo siyaoni,
yeye ndiye aliyekuwa akinisomea. Kila usiku:
Leo tena nakuongoza, Tsiala, nenda kalale."
Akacheka mpaka akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaendelea kuifuta.

"Hiyo iache."

Nikaiacha.
Kisha nikafungua ubavu wa mashine,
nikachomoa kwenye feni manyoya ya paka
yanayotosha kufuma soksi.
Usingizi wote ulikuwa humo.
Sikumwambia kwamba alasiri yetu, na funguo zake zote,
haikuongeza hata nukta moja ya kasi.

Alinilipa lari thelathini na mfuko wa jozi,
nusu yake tupu ndani.
Juzi kapiga simu. Mjukuu kakirudisha kile kisafishaji.
"Kinasema kosa moja limepatikana."
"Umebonyeza?"
"Nibonyeze nini? Naongoza kwa mia na ishirini na nane."