Siku ya Tatu

Alikuja na kompyuta imefungwa kwa leso
kama mtoto aliyeungua:
Bi Mwongeli, fundi wa beji za shule, Kariokor.
Stima ilirudi kwa hasira, alisema,
mashine ikanuka, ikanyamaza.

Kibanda changu kiko Luthuli, ghorofa ya pili.
Duka moja lilikatwa kwa plaiwudi likazaa maduka tisa,
na langu nimelikata tena,
nikampangisha Sabdiyo anayeuza vioo vya simu.
Akipiga chafya, bisibisi zangu hutetemeka.

Nikaifungua maiti. Ubao umeteketea
lakini diski ilikuwa hai, na ndani yake
miaka kumi na minne ya nembo:
simba wa Mto Mawe Msingi,
mwenge wa Sekondari ya Mabonde Saba,
njiwa ambaye mdomo wake
ulimnyima usingizi wiki nzima.
Programu inayoongea na cherehani
haijui lugha nyingine ila ya mfumo wa kale,
ule ambao waliouunda
wameuzika bila matanga.

Nunua mpya, walimwambia duka la chini.
Wakamtajia bei. Akakunja leso.

Mimi nikachukua kompyuta ya mtumba,
yenye mfumo wa bure usiodai leseni,
nikafungua dirisha katikati ya eneokazi lake,
na ndani ya dirisha nikamtandikia yule wa zamani.
Hii inaitwa mashine pepe, nikamweleza.
Yeye akasikia pepo. Akavuta kiti nyuma.

Siku ya kwanza mgeni hakuamka.
Skrini nyeusi, kistari kimoja kikikonyeza.
Nilikunywa chai mara nne.

Siku ya pili akaamka na kilima chake cha kijani,
anga lisilowahi kuona moshi wa Jogoo Road,
mapipa mawili ya taka kwenye kioo kimoja,
saa mbili. Yetu ilikuwa sahihi.
Yake nimeizuia isiisome yetu,
asije akajua leseni yake ilishakwisha.
Anaamini bado ni Jumanne ya mwaka ule.

Mshale uliingia kwake ukagoma kutoka,
kama mtoto aliyekuta katuni kwa jirani.
Bonyeza hapa, kulia, chini, nikamwonyesha Bi Mwongeli,
ndipo atakuachia.
Akabonyeza mara saba, kuingia na kutoka,
kuingia na kutoka, bila kazi yoyote,
akicheka peke yake.

Nimempa mgeni giga mbili kati ya nane.
Anazihesabu kila akiamka, zinatosha,
anadhani ndiyo nyumba nzima.
Kuta zake ni hesabu tu.
Upande wa pili wa plaiwudi
Sabdiyo alikuwa akibishana bei ya kioo kilichopasuka,
na mimi nikapunguza sauti ya feni.

Siku ya tatu tulikuwa Kariokor.
Jembe lenyewe lilikuwa waya mmoja wa kijivu:
nikauchomoa kwa mwenyeji, nikamkabidhi mgeni.
Kimya.
Kisha cherehani ikakohoa,
sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka,
na manyoya ya simba yakaanza kuota
juu ya kitambaa cha samawati.

Bi Mwongeli aliinama hadi pua ikakaribia kioo.
"Na huyu wa ndani," akauliza,
"anajua yuko ndani?"
Hajui.
"Anajua ile mashine yake iliungua?"
Hajui.
Akafikiri, kidole juu ya kipande cha nta.
"Basi usimwambie. Nina sweta mia mbili
za kumaliza kabla ya Jumatatu."

Uzi mwekundu ukakatika kwenye ulimi wa simba.
Akalamba ncha, akautunga upya,
na mle dirishani, kwenye Jumanne yake,
yule mwingine akangoja.