Saa Sita za Mwanakombo

Wiki ya kwanza siwaruhusu kuandika.
Someni, nawaambia. Someni kama mnavyosoma barua
ya mtu aliyehama na deni lenu.
Mistari elfu tisini, mikono ya watu kumi na wanne,
wawili tu bado wanapokea simu.

Tuko ghorofani, Barabara ya Nane, Ngamiani,
juu ya duka la mabati na misumari.
Kompyuta sita, wanafunzi saba.
Hoza amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa.
Alikuwa karani wa mizani shamba la mkonge,
akijua uzito wa robota
kabla mshale haujatulia.

Darini, chini ya bati, kiko kisanduku chetu:
vipande viwili vya plastiki vilivyoviringishwa utepe mweusi.
Chembe ikipita, plastiki hupepesa,
na waya hushuka na habari hiyo hadi mezani.
Mitambo mikubwa iko nchi za mbali, chini ya ardhi,
lakini programu ni hii hii,
na ikikosea huku, hukosea na huko.

"Zinatoka wapi?" Sechonge aliuliza.
Juu. Hupita batini, dukani, kwenye misumari,
kwenye fuvu lako unaponiuliza.
Na uhai wake, kwa saa yake yenyewe,
ni sehemu mbili za milioni ya sekunde.
Akacheka. "Basi ni za Tanga hizo.
Waja leo, waondoka leo."

Jumanne ya wiki ya tatu, grafu ikatushangaza:
bati liliungua alfajiri,
likapoa adhuhuri.
Siku tisa mfululizo.
Hoza akalaumu kipimajoto.
Sechonge akalaumu waya, kisha panya, kisha mimi.
Mwanakombo, mwenye daftari la vipimo, hakusema kitu.

Nilijua. Nikashuka kununua bajia.

Niliporudi alikuwa amesimama.
"Mwalimu, mashine nimeipa saa ya mama.
Mama akisema saa sita, jua liko utosini.
Hii ikisikia sita, inawasha taa, inapiga mswaki."
Darasa likaangua kicheko, naye pia, nusu.
Kisha akanong'ona: "Naomba nifute kabla hawajaona kule."

Hapana.
Kosa halifutwi, linaandikiwa jaribio.
Akakaa. Akaandika: ikiwa daftari lasema sita mchana,
mashine na iseme kumi na mbili.
Nyekundu.
Akarudia. Nyekundu.
Alisahau nukta moja, akaiona, akaitukana Kidigo.
Kijani.
Na juu ya mstari, kwa herufi ndogo, akaacha maelezo:
*Huku siku huanza na jua. Ongeza sita.*

Sikuwaambia habari yangu.
Mwaka wangu wa kwanza niliweka alama ya kutoa
palipotakiwa kujumlisha,
chembe zikapinda kushoto ndani ya sumaku
badala ya kulia, miezi miwili.
Nikarekebisha usiku, peke yangu, bila neno.
Hakuna aliyejua.
Hakuna aliyejifunza.
Mpaka leo nikipita karibu na faili lile
natembea kama mtu anayedaiwa na muuza duka.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo
umeme ukakatika.
Feni ikazunguka kwa mazoea, ikaacha.
Chini, mtu alikuwa anahesabu misumari kwa sauti,
akapoteza hesabu, akaanza upya.

Darini plastiki bado inapepesa, nikasema,
ila hakuna anayeandika.
Hazimsubiri karani.

Kimya. Halafu, gizani, tukasikia kidole
kikigonga ubavu wa ndoo:
mara moja, mara mbili kwa haraka,
pengo,
mara moja.

"Hoza, unafanya nini?"
"Nakadiria," akasema.