Uji Tu

Tuliigiza ndani ya ghala la chama cha msingi, Newala.
Msimu umekwisha, magunia yamekwenda mnadani,
sakafu bado inanuka korosho.
Mwalimu Lipande alinipa mimi nafasi ya mwana wa mfalme
kwa sababu, alisema, nina uso wa mtu anayedaiwa.
Kisu kilikuwa cha mpingo. Alikichonga Litunu wa kidato cha tatu,
kizito kuliko kisu.

Mama, ulikuja. Sikukualika.
Ulikaa benchi la tatu, ubavuni mwa baba mdogo
ambaye miaka tisa sasa namwita baba
kama mtu anavyoliita gari lililokwisha kupita.
Ndoo yako uliiweka miguuni,
maana maji ya Newala hayaachwi mbali na macho.

Malkia alirudi nyuma hatua tatu.
Nikauliza, kama ilivyoandikwa,
kwa sauti ambayo haikuandikwa:
"Mama, siku ile ulimpa baba nini kikombeni?"

Malkia akasahau maneno yake.
Ukasimama wewe.
"Uji," ukasema. "Ulikuwa uji tu, Chilumba."

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo.
Shangazi zangu hawakupiga.
Wao wamekutafuna tangu arobaini ya baba,
wakatema, wakatafuna tena,
nawe hukuwahi kuwarudishia neno.

Nami, mpingo juu, nikakiona kikombe.
Cha bati, kovu jeusi mdomoni.
Nilikuwa na miaka minane. Baba alinituma nikapime dawa ya mikorosho,
ile ya maji, nyeupe kama tui.
Kipimo sikukiona, nikachukua kikombe.
Nikakirudisha kabatini.
Sikukisuuza: maji yalikuwa ya kununua
na ulitukataza kuyachezea.

Miaka tisa nimeitazama mikono yako.
Nimeitazama ikimenya muhogo, ikimpakulia baba mdogo,
nikitafuta kosa kidole kwa kidole,
kama mlezi anayezunguka uani akimwita mtoto
aliye mgongoni mwake.

Ulijua. Asubuhi ile ile ulijua.
Ulikichukua kikombe ukakifukia nyuma ya choo,
nami nilikuwa mlangoni, nikakuona ukifukia,
na chuki yangu ilianzia hapo.

"Choma!" Mwalimu ananong'ona nyuma ya pazia la khanga. "Choma, we mtoto!"
Zuhura, malkia wetu, mwenye pumu, anahema, anasubiri kufa.

Tulirudi gizani. Baba mdogo alitangulia na tochi.
Wewe na ndoo kichwani, mimi nyuma yako,
bado na taji la boksi.
Hukuniuliza kitu.
Karibu na mashine ya kusaga ulisimama.
"Nitue."
Nikakutua. Maji yakanimwagikia viganjani.
Nikataka kuyarudisha ndooni, hata hayo machache.
"Yaache," ukasema. "Nawa."

Sikunawa.
Nilisimama nimeinyoosha mikono mbali na mwili
mpaka ikakauka yenyewe.