Mwosha Chupa Asoma Wasifu wa Profesa

Wamebandika wasifu wake mlangoni, kurasa nne,
leo anapostaafu Profesa Lamara Kvirkvelia.
Nimeusoma nimesimama, ndoo mkononi.
Umeandikwa na mtu aliyezaliwa juzi:
shahada hii, shahada ile, nishani,
makala mia moja na kumi na mbili,
mwenyekiti wa hili, mjumbe wa lile,
tarehe zimepangana kama sahani kabatini.

Mimi nimeosha chupa zake miaka thelathini na mmoja.
Nayajua yanayoganda chini.

Haumo msimu ule wa baridi Tbilisi ilipozimika,
umeme ukija saa moja kwa siku
kama mgeni asiyevua koti.
Dondakoo lilikuwa limerudi mjini,
na kabati la kuoteshea vimelea limepoa, jiwe.
Profesa aliziba mirija kwa nta,
akaitia ndani ya soksi ya sufi,
soksi akaifunga kiunoni, juu ya ngozi,
akalala chali hadi alfajiri, bila kugeuka,
kama mzazi wa jana.
Mumewe, Otar, alihamia kwenye kochi.
"Nilioa mmoja," alisema, "wamekuja milioni."
Asubuhi akapanda ngazi, orofa tano, lifti imekufa,
mirija ingali na joto lake.
Kilichoota kilikuwa kile kile tulichokiogopa.

Wala haumo mtindo wake wa kila Septemba:
wanafunzi wapya hawakuanzia kwenye hadubini.
Walianzia kwangu, kwenye sinki.
"Mtazameni Natela anavyonawa," akiwaambia,
"kisha mniambie mmekosea wapi maisha yenu yote."
Vijana wa mawaziri, wana wa madaktari,
wamekunja mikono ya mashati,
wananitazama vidole.

Na haumo mwezi wa Machi.
Dawa ya kuua sumu, chupa moja.
Watoto wawili, shingo zimefura kama za fahali.
Eka alianza kuugua jana yake.
Vazha alikuwa siku ya sita,
na siku ya sita, alikuwa akifundisha,
sumu imekwisha kuingia moyoni, dawa hubaki nje ikibisha hodi.
Alikuwa akifundisha hivyo, kwa chaki.
Siku ile hakufundisha.
Aliichukua chupa, akapita kitanda cha kwanza.

Mama yake Vazha alimtemea mate usoni.
Nilikuwa pale, na kitambaa, na spiriti.
Hakukipokea.
Yeye aliyetufundisha sote kunawa
alikaa kando ya mtoto yule mpaka saa tisa usiku,
mate yakimkaukia shavuni,
wala mkono wake haukupanda.

Kuanzia hapo kila mwaka, mwezi huo, ananiletea chupa moja tupu
niioshe peke yake.
Sijawahi kumwuliza.

Sasa ukumbini wanapiga makofi.
Mkuu wa chuo anasoma zile kurasa nne, polepole,
anakosea jina la ugonjwa.
Makofi tena.
Kisha nasikia viatu vyake koridoni, ninavijua,
kisigino cha kulia kinaburuza.
Ameingia na maua, ameyatia kwenye sinki langu.
Amekunja mikono ya gauni lake la sherehe,
amenawa, kiganja, mgongo wa kiganja, baina ya vidole,
hadi kwenye viwiko,
kama mtu anayekwenda kuanza kazi.

Ameniuliza kama chupa za jana zimekauka.
Nimemwambia bado.
Amevuta kiti.