Mita Mbovu Kwenye Droo

Siku ya tatu hii, kijani tupu.
Mita arobaini zinalazwa kitandani, sindano zinashuka,
rilei zinagonga kama mvua ya kwanza juu ya bati,
na skrini inasema: zimefaulu. Zimefaulu. Zimefaulu.

Bwana Kiwelu wa uzalishaji kaninunulia soda.
"Injinia, mwezi huu hatukosei!"
Nikaipokea. Nikaiweka mezani bila kuifungua.

Mimi nalipwa kwa kutoamini.
Hapa Chang'ombe joto huingia na chumvi yake,
solda hupasuka, mkono wa mtu huchoka ikifika saa tisa;
mita elfu, na isiwepo hata moja yenye kilema?
Hata mchele wa Kyela una chuya.

Ndani ya droo yangu, imefungwa leso,
ipo mita niliyoiharibu mwenyewe kwa makusudi:
nilibadilisha kipande kidogo kuliko punje ya ulezi
ihesabu asilimia tatu zaidi ya haki.
Anyelwisye fundi huiita Shahidi.
Haitauzwa, haitawasha taa ya mtu.
Kazi yake duniani ni kukataliwa.

Nikaipachika nafasi ya nane.
Sindano zikashuka.
Kijani.

Nilikwisha kujua, lakini tumbo lilinikata vilevile.

Tulichokonoa kabati la nyuma hadi adhana ya magharibi.
Rilei ya kubadili njia ilikuwa imeganda.
Mashine haikusoma mita yoyote:
siku tatu ilikuwa ikijipima yenyewe
na kujipa mia kwa mia.
"Mganga hajigangi," akasema Anyelwisye, akacheka peke yake.

Lori la maboksi lilikwisha fika Mbagala.
Nikapiga simu. Kiwelu alinyamaza muda mrefu,
kisha: "Hata zikikosea, asilimia tatu ni kitu gani?"

Nikamkumbuka shangazi Nambua, kule Tandika,
anayenunua umeme wa elfu mbili, elfu mbili,
anayezima taa ya uani ili friji ya barafu isilale.
Nikamjibu: kwa mwezi, ni usiku mmoja wa giza
uliokwisha kulipiwa.

Lori likageuka.

Asubuhi, rilei mpya. Nikamlaza tena Shahidi.
Nyekundu.
Nikaitazama kama mtu anayetazama hela yake iliyopotea.
Nikaifuta vumbi mita yangu mbovu, nikaifunga leso yake,
ndipo nikaikumbuka ile soda.
Ilikuwa ya moto.
Nikainywa yote.