Kigoda

Wanasimama watatu kila Jumatatu,
kando ya vichanja vya dagaa, Kayenze,
pale inapochepuka njia ya uwanja wa shule:
Masalu mwanangu, Bituro wa Ukerewe,
na yule binti wa Nyanzala aliyeendesha gari la majeruhi.
Hawaimbi. Hawapigi kelele.
Wana ubao wa mlango, mwandiko wa mkaa:
TULIKWENDA.
TUULIZENI KABLA HAMJATUMA WENGINE.

Mtendaji wa kata aliiita fitina.
Kwaya ikampokonya Bituro besi yake;
mchungaji akahubiri Daudi na kombeo,
macho yake kwenye benchi letu.
Mama Holo akaacha kuwauzia sukari,
si kwa hasira, alisema, ila mwanawe yuko kambini
na maneno yana miguu.

Na mimi? Mimi ndiye niliyemlea kwa vita.
Jioni, michembe ikitokota,
nilimlisha Kagera kijiko kwa kijiko:
mto, daraja lililovunjwa, tulivyoingia tukiimba,
redio niliyorudi nayo begani.
Hakuniuliza ilikuwa ya nani.
Niliikuta mezani, inaongea bado,
na chai ilikuwa ya moto.

Alipoondoka nilichinja dume.
Aliporudi, goti halikunjiki,
analala sakafuni, mgongo ukutani;
bisi zikipasuka chunguni anatoka nje.
Nikamwambia: askari hasemi.
Akasema: ndiyo maana nikaenda, baba.

Miezi saba, kauli hiyo
imenikaa kooni kama mwiba wa sato.

Jumatatu hii vijana walipita kwenda usaili,
viatu vya kuazima, vyeti ndani ya mfuko wa plastiki.
Wengi walicheka. Mmoja, mtoto wa fundi baiskeli,
alisimama, akasoma ubao, akasoma tena,
kisha akaendelea, lakini polepole.

Nilitoka nyumbani na kigoda.
Watu walinitazama, kofia yangu ya jeshi kichwani,
wakadhani nakwenda kuwafukuza.
Nikakiweka nyuma ya Masalu.
Alikaa, mguu mbele kama mpini wa jembe.
Hakushukuru. Sikusema nimekubali.
Nilisimama upande, nikifukuza kunguru
kwenye dagaa zisizo zangu.

Jua likiwa utosini yule mtoto akarudi,
cheti mkononi, hakijatolewa mfukoni.
Akawapita wote watatu, akaja kwangu.
"Mzee, na wewe si ulikwenda?"

Nikavua kofia.
Nikaanzia kwenye chai.