Mkataba wa Maharamia

Mara ya tisa nafukua sanduku lile lile.
"Kata!" anapiga kelele mwongozaji, "mchanga haukuruka vizuri,"
na vijana wanalifukia tena,
wanafagia nyayo zetu kwa makuti
ili Eleuthera ionekane haijawahi kukanyagwa.
Mimi Osborne Pinder, fundi bomba siku za kawaida,
leo ni chongo kwa gundi na kitambaa,
na begani nina kasuku wa manyoya ya kuku
aliyeshonwa na Delcine kwa uzi wa kuvulia.

Chini ya mwavuli ameketi Bi. Albury wa nyaraka,
ameajiriwa siku tatu kusema kweli,
na kila akiisema wanamshukuru, wanaendelea.
Maharamia hawakufukia, anasema. Wamfukie nani?
Mtu asiye na hakika ya Ijumaa haweki akiba.
Walichoiba ni vitu vya dukani:
sukari guru, ngozi za ng'ombe, nili, misumari,
majora yaliyolowa, sindano za kushonea tanga;
na siku ya bahati kubwa, kasha la dawa,
maana kaswende haitibiwi kwa dhahabu.
Mwongozaji akacheka kwa adabu:
"Nani atakata tiketi aje kuangalia misumari?"

Wakati wa chai akanisomea, mimi peke yangu,
kanuni walizotia sahihi kabla ya kung'oa nanga:
mkono wa kulia ukikatika, fidia yake hii;
jicho, hii; nahodha apigiwe kura,
na akizidisha ubwana, ashushwe.
Nikatazama kiganja changu,
lengelenge limepasuka kwenye mpini wa sepetu.
Mkataba wangu, ukurasa wa nne, unasema
majeraha ni juu yangu.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata.
Nimo. Sekunde mbili, mgongo tu.

Sasa wanakuja kwa boti kutoka Nassau
na mashine zao za kunusa chuma,
wanachimba pale pale. Na wanapata, ajabu ya Mungu:
sarafu za bati alizozipaka Delcine rangi ya dhahabu,
bawaba, kifungo cha koti la nahodha.
Mtoto mmoja alinionyesha yake, kaifunga kwenye leso,
mikono inamtetemeka.
Bi. Albury alikuwapo. Nilimwangalia.
Alikohoa, akageukia bahari.

Nikamwambia mtoto aisugue taratibu,
asiitie siki.
Kisha nikamkodisha baba yake sepetu,
dola sita kwa saa.